Kuku Saba na Kamati ya Kuchinja

Kabla sijawaambia lolote la maana, niwaambie la aibu, mlisikie kwangu kabla rafiki yangu Kato hajawasimulia akitia chumvi zake. Nilichinja kuku saba ambao haikuwa kazi yangu kuwachinja. Sikuwaiba, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na saa ya mkononi ya kuazima, na nilikuwa mwenyekiti. Mkimwona mtoto wa miaka kumi na minne ana vitu vyote hivyo vitatu kwa mpigo, mnyang'anyeni angalau kimoja.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Msicheke. Jumapili iliyopita mmechagua uongozi mpya wa tawi la vijana, nimekabidhi daftari, mtihani wa kidato cha sita unaninyemelea, na mgongo wangu umebeba turubai miaka mitatu. Kama huko si kustaafu, niambieni kustaafu ni kufanya nini. Kikao kiliniomba niwaandikie nyinyi mnaoingia, niseme niliyojifunza kazini. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wenye sheria kumi. Sheria sina. Nina kuku.

Kwa wale waliohamia uchochoro huu juzi: chama chetu ni kile ambacho Waganda wanakiita munno mukabi, mwenzako wakati wa shida. Mtu akifiwa, akioza binti, akirudi kutoka hospitali akiwa mzima, chama kinafika na sufuria, turubai, viti na mikono. Na hapa kwetu Kasubi mikono hiyo ni ya kila namna. Kuna Waganda. Kuna Wanubi, ambao mababu zao waliletwa na jeshi la Wazungu kutoka Sudani, nao ni Waislamu. Kuna sisi wa kutoka Kenya, ambao wazazi walikuja kutafuta kazi, wakasahau kurudi. Ndiyo maana vikao vyetu ni vya Kiswahili. Kila mtu anakivunja kwa mtindo wake na hakuna anayemcheka mwenzake, isipokuwa mimi.

Watu hao wote mkiwaacha bila kugawana kazi, wanne watapika chai, kumi wataionja, na turubai litabaki limekunjwa. Kwa hiyo tuna kamati. Ya jiko, ya maji, ya turubai na viti, ya vyombo, ya kuchinja, ya kunyonyoa manyoya, ya kupokea wageni. Nilipochaguliwa niliongeza moja ya kwangu, Kamati ya Kukagua Kamati. Wajumbe wake walikuwa mimi. Niliisoma mbele ya kikao kwa sauti nene.

Mzee Rajabu aliinua mkono. Huyu ni yule mzee wa Kinubi anayeshona viatu pale njia panda ya kupandia makaburi ya wafalme, mwenye goti bovu. Ndiye aliyekuwa kamati ya kuchinja, yeye na mpwa wake Shabani, ingawa Shabani alikuwa mjumbe wa kwenye karatasi tu.

"Mwenyekiti," akasema, "hii kamati yako, kama wewe hapana kuja siku moja, nani atajua?"

Kikao kizima kilicheka, na Mama yangu alicheka kuliko wote. Nikaifuta.

Lakini hakuishia hapo. Aliniuliza kamati ya maji ina watu wangapi. Nikamwambia kwa fahari, kumi na moja.

"Kama maji hakuna, mimi naita jina ya nani?"

Nikatazama daftari. Majina yalikuwa kumi na moja na hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake.

"Basi hiyo si kamati," akasema. "Hiyo ni timu ya mpira."

Nilidhani ni utani wa wazee. Wiki mbili baadaye dada yake Kato alitambulishwa kwa wakwe, na wale kumi na moja kila mmoja aliamini wale kumi wengine wameenda kuteka maji. Wageni walinawa mikono kwa soda ya machungwa. Wakwe walikuwa watu wastaarabu, walisema harufu ni nzuri, lakini nyuki wa Kasubi yote walihudhuria utambulisho ule. Tangu siku hiyo Kato ndiye maji. Ana wasaidizi wanne, na maji yakikosekana tunamwita Kato, hatuwaiti vijana wa maji.

Siku hizi mna kundi la kwenye simu. Sawa, mimi ndiye niliyelianzisha, msinilaumu. Lakini jihadharini. Unaandika "viti saa moja asubuhi", watu ishirini wanakuwekea alama ya kidole gumba, halafu wanarudi kulala. Kidole gumba hakibebi kiti. Nilikuja kujifunza kuandika jina na kitu: Fulani, viti kumi, nyumba ya fulani. Na sahani zipakeni alama ya rangi ya kucha chini, kila nyumba na rangi yake, maana sahani zinajua kupotea kuliko watoto. Na wale majirani wawili wanaotukanana ukutani kila asubuhi, waweke pamoja kwenye turubai. Turubai linashikwa pande nne, mtu hawezi kumtukana aliyeshika kamba ya pili, litamwangukia yeye mwenyewe. Hiyo nimeijaribu. Inashika mpaka saa nane hivi.

Haya, kuku.

Mnaonijua mnajua Mama yangu ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, na ndiye mkuu wa kamati ya jiko. Msichojua ni kwamba zamani kila shughuli ya uchochoro ilikuwa na majiko mawili. Waislamu walipika lao, wengine lao, hata kama nyama ilitoka bucha moja. Haikuwa chuki. Watu walisalimiana vizuri, walikopeshana chumvi, wakaenda kula kila kundi upande wake. Mama aliongoza jiko la huku. La kule liliongozwa na dada zake Jaja Halima.

Jaja Halima, yule bibi wa nyumba yenye mlango wa kijani, alifiwa na mumewe mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu. Mzee aliugua miezi mingi kabla ya kufa, na mwishoni alikataa kila chakula. Alichokubali ni uji wa ulezi wa Mama peke yake. Mama aliupeleka kila asubuhi kabla hajafungua duka lake la kushona. Hakuna aliyemtuma. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua, akaniambia, "Anaumaliza," kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Basi ilipofika dua ya arobaini, Jaja Halima alikuja kwenye kikao, akakaa chini kwenye jamvi, akasema:

"Jiko iko moja tu. Mimi sitaki sufuria mbili zinaangaliana kama wake wenza. Na mupishi ni Mama Barasa."

Mmoja wa dada zake akauliza, kwa upole, kama ndugu za marehemu kutoka Bombo watakubali. Jaja akasema watakubali. Hakusema kwa nini.

Mama alirudi nyumbani akipitia sokoni. Alinunua miko mipya miwili. Alisugua sufuria za chama siku mbili, mpaka nikaanza kuziona kwenye ndoto. Alimwuliza Mzee Rajabu maswali ambayo hata shehe hakuwahi kuulizwa. Baba alikuwa safarini na lori lake njia ya Juba, kwa hiyo wasiwasi wote wa Mama ulinimwagikia mimi. "Barasa, wakikataa kula, nitaficha wapi uso?" Aliniuliza hivyo kama mara nne, akikunja kanga, akipepeta mchele, akinipita mlangoni.

Ili jiko liwe moja kulikuwa na sharti moja, na kila mtoto wa hapa analijua tangu anajifunza kutembea: anayechinja ni Mwislamu. Sisi wengine tunakula cha mkono wa Mwislamu bila shida. Wao hawali cha mkono wetu. Kwa hiyo kamati ya kuchinja ilikuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyobeba siku nzima.

Nilipanga ratiba. Niliipenda ratiba ile, niliipigia mistari kwa rula. Kuchinja saa mbili. Kunyonyoa saa mbili na nusu. Sufuria motoni saa tatu. Saa mbili ikafika, jogoo saba wamefungwa miguu chini ya mfenesi nyuma ya nyumba ya Jaja, wasichana wa kunyonyoa wako upande wa mbele na maji yanachemka. Mzee Rajabu hayupo. Saa mbili na nusu, hayupo. Nikamtuma mtoto kwenye kibanda chake cha viatu. Kimefungwa. Nikampigia Shabani simu. Haikupokelewa, na hilo halikumshangaza mtu. Mzee alikuwa amemwita Shabani mwaka mzima aje ajifunze kisu, kwa sababu goti lake halitamngoja, na Shabani mwaka mzima alikuwa na abiria wa kupeleka mjini kwa bodaboda.

Saa tatu wasichana wakaanza kuimba kwa kunidhihaki. "Mwenyekiti, maji yanakauka! Tukunyonyoe wewe?" Makaa yalikuwa yanaisha. Ndani ya jiko Mama alikuwa akitazama ratiba yangu niliyobandika ukutani, halafu ananitazama mimi.

Babu yangu kule Busia alinifundisha kuchinja nikiwa na miaka tisa. Najua mahali pa kukata. Nikachukua kisu cha Mama cha jikoni, nikamwita Kato twende nyuma.

"Balasa," akasema Kato, ambaye jina langu halijawahi kumtoka sawasawa mpaka leo, "hii si kazi yetu."

"Shika miguu."

"Mzee Lajabu atasema nini?"

"Mzee Rajabu yuko wapi? Unamwona? Shika miguu."

Akashika. Na ili mjue upumbavu wangu ulikuwa wa kiwango gani, kila kuku nilimsomea bismillahi. Nilikuwa nimeisikia mara mia. Niliisema kwa sauti ya Mzee Rajabu mwenyewe, hata kikohozi chake nikakiweka. Kato alicheka kwa kuku wa kwanza. Kwa wa tatu alikuwa hacheki tena. Kuku wote saba walikwenda mbele kwa wasichana, wakaingia kwenye maji, wakanyonyolewa, wakakatwa, wakaingia kwenye sufuria ya mchuzi, si ile ya pilau. Hakuna aliyeuliza. Kwa nini waulize? Daftari lilisema kuchinja, kisha kunyonyoa. Kuku walikuwa wamechinjwa.

Robo saa baadaye Mzee Rajabu akatokea. Hakutokea njiani. Alitokea mlango wa kijani, kutoka ndani ya nyumba ya Jaja Halima, akichechemea, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Kuku yangu iko wapi?"

Mimi ni mtu wa majibu ya haraka. Walimu wangu wote wameliandika hilo kwenye ripoti, kwa maneno tofauti. Nikajibu kabla sijafikiri:

"Shabani amepita, Mzee. Amechinja, ameondoka na abiria."

"Shabani?" Akanitazama. "Shabani yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Alisema bismillahi?"

"Ilisemwa, Mzee. Zote saba."

Nilitegemea anichunguze. Badala yake uso wake ukafunguka. Akakichukua kile kitambaa, akakikunja upya juu ya kisu, mara mbili, polepole, kama mtu anayefunga kazi. Akaenda mbele kwa wazee wenzake jamvini na nikamsikia akiwaambia mmoja mmoja: "Shabani amekuja. Kumbe aliniskia. Shabani amekuja." Mzee aliyekuwa hakai chini kwa sababu ya goti, siku ile alikaa.

Kato alinivuta nyuma ya mfenesi. "Sisi tumekufa."

"Hatujafa. Nyamaza tu."

"Kale, sawa, nanyamaza. Kuku hapana sema. Lakini wewe, Balasa, tumbo yako itasema."

Alisema kweli. Wageni wa Bombo walifika, dua ikasomwa, nami nilibeba viti ambavyo vilikuwa tayari mahali pake, nikavirudisha, nikavibeba tena. Nilijiambia kuku ni kuku. Nilijiambia maneno yalikuwa yale yale. Nilijiambia wakila kwa amani, nani ameumia? Nilikuwa na hoja nzuri sana, na kila moja ilidumu mpaka nilipomwona Mama.

Alikuwa amevaa gauni la Krismasi chini ya aproni. Wageni walikuwa wananawa mikono. Ndugu mmoja wa marehemu, mzee mrefu mwenye bakora, alikuja mpaka mlangoni mwa jiko, akanusa, akauliza kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika: "Hii chakula, nani amechinja?"

Jaja Halima alijibu kutoka jamvini. "Ni kamati ya Rajabu imechinja, shemeji. Leo kijana yake. Na mupishi ni huyu hapa. Bwana yangu alikula mukono yake mpaka mwisho. Na mimi nakula."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akasimama wima. Sijui niwaelezeje. Miaka kumi na mitano amekaa uchochoro huu akiitwa "yule mama wa Kenya". Sasa alikuwa amesimama na upawa mkononi, kwenye mlango wa jiko moja, na mwenye nyumba amemtetea mbele ya mashemeji zake kwa kitu ambacho mimi na Kato tu tulijua si kweli. Akainama kupakua mchuzi.

Nikamshika aproni.

"Mama. Shabani hakuja."

Hakunielewa mara moja. "Basi nani...?"

"Mimi."

Akatazama sufuria. Akatazama mkono wangu. Akaweka upawa chini, akafunika sufuria, kifuniko kikalia, na nikajua hakitafunuliwa tena kwa ajili ya wale wageni. Nilidhani atanipiga hapo hapo. Akanishika mkono, kama unavyomshika mtoto kuvuka barabara.

"Twende ukaseme."

"Mama, sema wewe."

"Mimi sikuchinja."

Kutoka jikoni mpaka jamvini ni hatua kumi na mbili. Nilisema yote nikitazama vidole vyangu vya miguu: kisu, Kato kashikishwa kwa lazima, uongo wa Shabani. Hata kikohozi nilikitaja, sijui kwa nini. Nilipomaliza, mzee mwenye bakora alisema neno moja, "Kibudu!" na watu wakaanza kunong'ona. Mama alikuwa nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu na ulikuwa baridi.

Mzee Rajabu hakusema kitu kuhusu kuku. Alisema, taratibu, kama anajisemea:

"Basi Shabani hakuja."

Wadogo zangu, nimepigwa na walimu wanne na mama mmoja. Hakuna kiboko kilichowahi kufika pale.

Jaja Halima aliinua kiganja, minong'ono ikakatika.

"Wewe. Umesema mwenyewe ama mama yako amekulazimisha?"

Mama alifungua mdomo. Jaja akamkata: "Nauliza mutoto."

"Nilimwambia mimi, Jaja. Alikuwa anapakua."

"Kabla hatujala."

"Kabla."

Akaivuta shela yake begani. Halafu akamwuliza Mama, si mimi: "Mama Barasa, pilau iko namna gani?"

"Nyama yake ni ya bucha ya Haji, Jaja," Mama akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Sufuria yake mbali, mwiko wake mbali. Haikukutana na hiyo nyingine."

"Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Leta pilau. Kuku pelekeni kwa Wakristo wale, bambi, tafadhali, isipotee bure." Sinia la kwanza lilipowekwa, alikula yeye kwanza, tonge kubwa, akitafuna polepole mbele ya watu wote. Akamgeukia mwenye bakora. "Shemeji, kula. Imepoa."

Akala. Wengi walikula. Watatu hawakula. Waliaga kwa heshima, wakasema safari ni ndefu. Na Wakristo wa uchochoro walikaa upande wao na mchuzi wa kuku, kama zamani. Mama aliwaona wale watatu wakivaa viatu. Alikwenda kuwasindikiza mpaka barabarani, akawabebea mwavuli wao.

Kesho yake nilikwenda kituo cha bodaboda kumtafuta Shabani. Nilimsimulia, akacheka sana habari ya kikohozi. Nikamwambia jinsi mjomba wake alivyokikunja kile kitambaa mara mbili, na jinsi alivyokaa chini. Akaacha kucheka, akawa anafuta kioo cha pikipiki ambacho kilikuwa kisafi. Shughuli iliyofuata alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kuku wenyewe. Mnaomwona leo akichinja na kuringa, na Mzee Rajabu kwenye kigoda akimkosoa kila hatua, mjue palianzia wapi. Tena shughuli hiyo ilikuwa ya Jaja Halima, jiko lilikuwa moja, na mnajua mpishi.

Mimi sikuvuliwa uenyekiti. Mzee Rajabu alikiomba kikao kinipe adhabu nyingine, niingie kwenye kamati yake. "Kazi yako mbili," akaniambia. "Kushika miguu, kufunga mudomo." Ndipo nilipomwuliza alikuwa wapi asubuhi ile. Akaniambia alikuwa ameketi na Jaja chumbani. Yeye na marehemu walikuwa marafiki tangu ujana. Huwezi kumwaga damu kwenye nyumba ya mjane, akasema, bila kwanza kuingia, kukaa naye, kumsomea mtu wake, kungoja mpaka yeye mwenyewe aseme nenda. Siku nyingine anasema upesi. Siku ile Jaja alilia kwanza.

Hilo halikuwa kwenye ratiba yangu. Nilikuwa nimeandika "kuchinja, saa mbili". Tangu hapo kabla sijamwandikia mtu saa, namwuliza kwanza: kazi yako inaanzia wapi? Mtashangaa. Mama wa vyombo anaanza siku mbili kabla, anapita nyumba kwa nyumba, na nusu ya muda ule anasikiliza matatizo ya watu. Ukimwandikia "sahani, saa nne" umeandika mkia tu.

Nimeruka mbele. Nirudi kwenye siku yenyewe, maana mnataka kujua nilipigwa au sikupigwa.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wageni wameondoka, tumekaa na Mama nyuma ya jiko tunasugua sufuria. Alikuwa hajanisemesha tangu jamvini. Nilikuwa nimekaa umbali ambao ndala haifiki, nimeshapima. Alisugua ile ya mchuzi, akaisuuza, akaigeuza juani ikauke. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Akavuta pumzi, nami nikajiandaa, na haya ndiyo aliyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Siku zote hizi nilikuwa naogopa swali moja tu: Mama Barasa, uko na hakika? Leo nimeulizwa, na nimejibu, na wamekula. Wakiniuliza tena nitawaambia, mtoto wangu yuko hapo jikoni, kukiwa na kosa atasema. Sasa sogea hapa karibu, sikupigi, niletee majivu. Na kisu changu, Barasa, hata cha kukatia vitunguu, usikiguse mpaka uoe."